Chini ya Droo Ndipo Fundi Hupimwa

Ukienda kununua kabati, mpenzi msomaji, muuzaji atakuonyesha uso wake. Atapitisha kitambaa juu ya vanishi ili ing'are, atafungua mlango na kuufunga usikie kwamba haulii, kisha atavuta droo nusu na kuirudisha upesi. Jambo ambalo hatafanya ni kuichomoa droo hiyo na kuigeuza chini juu. Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siku hizi ndani hata kipande cha mti huenda usikipate.

Ndugu zetu wa Pwani huiita droo "mtoto wa meza", na jina hilo lina maana yake. Mtoto hubebwa, naye kwa upande wake hubeba anachopewa. Droo hubeba kwa kitako chake. Mbao za ubavuni na ule uso wenye mkono wa kuvutia ni za kushikilia tu. Mzigo wote hukalia kibao kile cha chini ambacho hakuna mgeni anayekiona wala kukisifu. Na kwa kuwa hakionekani, hapo ndipo mafundi wengi hupunguzia gharama.

Huenda ukasema kwamba hayo ni mambo ya maseremala na wewe ni karani, mwalimu au mwanafunzi wa chuo. Subiri kidogo. Mwaka juzi kitako cha droo kilitaka kututenganisha baba na mwana katika familia yetu, na niliyokuja kujifunza kutokana na jambo hilo yanafaa hata kwa droo ya vijiko jikoni mwako.

Kabati la miezi mitano

Ndugu yangu mdogo ana kibanda cha kazi huko Kariobangi Light Industries. Kazi yake ni kufunga upya nyaya za shaba katika mota zilizoungua: mota za pampu za maji za majumba ya ghorofa, na za mashine za kusaga unga. Alipoanza kujitegemea alinunua kabati la droo kando ya barabara. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijivu, likapendeza machoni kama la ofisi.

Lilidumu miezi mitano. Asubuhi moja alivuta droo ya tatu, na kitako kikabaki nyuma huku droo ikija mbele. Spana zikamwagika sakafuni. Hizo hazikuumia. Kilichoumia ni maikromita, kile kifaa cha kupimia unene wa waya. Kwa mtu wa kazi yake, maikromita ni kama mizani kwa mwuza nyama. Waya mpya usipolingana na ule wa zamani, mota haitadumu. Kifaa kile kiliendelea kufanya kazi, lakini kikawa kinadanganya kidogo, na kabla uongo huo haujagunduliwa, pampu moja ya mteja mkubwa ilikuwa imekwisha kuungua tena. Mteja huyo hakurudi.

Aliyeuza kabati alipofuatwa alijibu kwamba kabati lake lilikuwa la nguo.

Hapo ndipo Baba alipoingia. Baba yetu alikuwa makanika wa malori kwa zaidi ya miaka 30. Alipostaafu alizifunga spana zake, soketi zake na vifaa vyake vya kung'olea beringi ndani ya sanduku la chuma, akaliweka chini ya kitanda. Sote tulijua kwamba siku moja sanduku hilo litakwenda kwa kitinda mimba, ambaye peke yake ndiye aliyefuata kazi ya mafuta na chuma. Lakini aliposikia habari ya droo alisema, "Vifaa hivi vimesomesha watoto watano. Sivitoi vikalale juu ya kadibodi."

Msomaji, maneno hayo yalimchoma ndugu yangu kuliko kumpoteza mteja. "Dada," aliniambia jioni ile, "si kabati Baba asiloliamini. Ni mimi."

Familia ilichanga pesa za kutengeneza kabati jipya, na mimi nikashikishwa mfuko. Papo hapo mvutano ukaanza. Kijana alitaka vitako vya hadibodi, bei nafuu, ili pesa zitakazobaki zinunue maikromita nyingine. Mzee alitaka mbao nzima, kama za enzi zake. Ilinibidi, mimi niliyesomea kuandika habari, niende kusomea vitako vya droo.

Kwanza mzigo, kisha mbao

Nilianzia kwa fundi wa mbao aliye jirani na kibanda cha ndugu yangu, mtu mzima wa maneno machache. Nilimwuliza kitako kizuri ni kipi. Naye akaniuliza, "Kitabeba nini?"

Swali hilo ndilo msingi wa mambo yote. Tuliazima mizani ya mwuza viazi tukapima spana za Baba ambazo zingekaa katika droo moja. Zilifika kilo 23. Hebu fikiria, msomaji: huo ni uzito wa mtoto wa miaka saba hivi. Je, ungemkalisha mwanao juu ya hadibodi ya milimita 3, kisha umvute mbele na kumsukuma nyuma mara 40 kwa siku? Maana droo ya karakana haikai kimya kama ya chumba cha kulala. Huvutwa kwa nguvu, husukumwa kwa goti, na vyuma huangushwa ndani yake.

Fundi alinifunza pia hesabu moja ambayo sikuwahi kuisikia darasani. Kibao cha aina ile ile kikiongezwa unene mara mbili, ugumu wake wa kupinda hauongezeki mara mbili. Huongezeka mara nane. Kwa hiyo kibao cha milimita 6 hakilingani na viwili vya milimita 3 vilivyolazwa tu kimoja juu ya kingine. Ni kitu kingine kabisa. Na upana nao una neno lake: droo inapozidi kuwa pana, kitako hulegea haraka mno. Ndiyo sababu mafundi wa kale waliweka ubao mwembamba katikati, kutoka mbele hadi nyuma, wakaigawa droo pana kuwa na vitako viwili vidogo.

Hadibodi na jamaa zake

Nianze na hadibodi, kwa kuwa ndiyo inayosingiziwa mengi. Ni unyuzinyuzi wa mbao uliopikwa na kushindiliwa kwa joto hadi ukawa bamba gumu, laini upande mmoja na aghalabu lenye alama kama za wavu upande wa pili. Mmarekani William Mason ndiye aliyebuni njia mashuhuri ya kuitengeneza mnamo 1924 huko Laurel, Mississippi, akitafuta matumizi ya mabaki ya viwanda vya mbao. Ni rahisi, haina vifundo wala nyufa, na hukatwa vizuri. Lakini nyembamba yake hupinda ikibebeshwa, na ikipinda hairudi. Maji nayo ni adui yake: ukingo hufura kama mkate uliochovywa kwenye chai.

MDF ni jamaa yake, nene zaidi na isiyoshindiliwa kwa kiasi kile. Maseremala huipenda kwa sababu haina upande wa nyuzi na hupokea rangi vyema. Kasoro yake ni uzito. Bamba zima la futi 8 kwa 4, lenye unene wa milimita 18, hufika kilo 40 hivi, na hapo bado hujaweka hata bisibisi moja. Vumbi lake ni jembamba sana, hivyo fundi anayelikata anapaswa kufunika pua na mdomo. Nalo pia halipatani na maji.

Chipubodi, ile ya vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, ni dhaifu zaidi penye ukingo. Msumari ukipigwa karibu na pembe, vipande humeguka. Wengi wenu mnaijua kutokana na meza za wanafunzi ambazo hufika likizo ya kwanza zikiwa zimekwisha kupukutika.

Plaiwudi ni habari nyingine. Hutengenezwa kwa kumenya gogo kama mtu amenyavyo chungwa, hadi likawa shuka nyembamba, kisha shuka hizo zikagandishwa kwa namna ambayo nyuzi za moja hukatiza nyuzi za ile iliyo chini yake. Kwa kawaida tabaka huwa hesabu isiyogawika kwa mbili: tatu, tano, saba. Mkatizano huo ndio siri yake. Mbao hupasuka kwa urahisi kufuata nyuzi. Nyuzi zikikatizana, ufa unaoanza hapa huzuiwa pale. Isitoshe, plaiwudi haivimbi na kunywea ovyo hali ya hewa inapobadilika. Ila chunguza ukingo wake kabla ya kununua. Ukiona mapengo meusi kati ya tabaka, hapo gundi haikushika, au shuka ya ndani ina mashimo.

Mbao nzima na bati

Baba alitaka mbao nzima, nami sikumlaumu. Samani za wazee wetu zilitengenezwa hivyo, na nyingine zingali hai. Lakini mbao nzima hupumua. Wakati wa masika hunyonya unyevu na kupanuka, na Januari ya jua kali hunywea. Hupanuka kukata nyuzi, si kufuata nyuzi. Ndiyo maana fundi ajuaye kazi hulaza nyuzi za kitako kutoka ubavu hadi ubavu, ili kipanuke kuelekea nyuma, ambako huacha nafasi. Tena hakigandishi kwa gundi kila upande. Hukiacha kiteleze ndani ya mfereji wake. Ukikibana pande zote, ama kitapasuka chenyewe au kitasukuma viungo vya droo hadi viachane.

Kuna pia suala la bei. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, marufuku iliyoanza kwa siku 90 na ikaongezwa tena na tena, mbao zilipanda bei, na wauzaji wengine wakaanza kuuza mbao ambazo hazijakauka sawasawa. Kitako cha mbao mbichi ni balaa. Kitakauka kikiwa ndani ya kabati lako, nawe utaamka siku moja ukute ufa unaomeza misumari midogo.

Bati la chuma nalo lina watetezi, hasa miongoni mwa wahunzi wa Kamukunji ambao hutengeneza masanduku yasiyojua kuzeeka. Halilowi mafuta, na grisi hufutika kwa kitambaa. Lakini bati jembamba lisilokunjwa kingo hubonyea na kupiga kelele kama dari la mabati wakati wa mvua, na chuma kikigonga chuma kila siku, makali ya vifaa huharibika. Mahali penye unyevu, kutu haichelewi.

Mfereji au msumari?

Baada ya haya yote ndipo nilipong'amua kilichoua kabati la kwanza. Kitako chake kilikuwa cha hadibodi, kweli. Lakini kilikuwa pia kimepigiliwa kwa misumari midogo kutoka chini. Fikiria hilo kwa makini, msomaji. Uzito unasukuma kuelekea chini, na misumari imeingia kutokea chini. Kila spana iliyowekwa ndani ilikuwa inaing'oa misumari hiyo polepole. Hata plaiwudi bora ingeanguka kwa mtindo huo, ila ingechukua muda zaidi.

Njia iliyo salama ni kuchimba mfereji mwembamba ndani ya mbao za ubavuni na ya mbele, sentimita moja hivi juu ya ukingo wa chini, kisha kitako kiingizwe humo kutokea nyuma. Hapo mzigo hukalia mbao, haukalii msumari. Mfereji wa kina cha milimita 6 hutosha iwapo ubavu wenyewe si mwembamba. Tena kuna hila moja: plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 6 aghalabu haifiki 6 ukiipima. Fundi asipime jina, apime ubao wenyewe, la sivyo kitako kitakuwa kikicheza mferejini kama jino bovu.

Hesabu iliyomaliza ugomvi

Nilirudi nyumbani na karatasi yenye hesabu. Kabati lingekuwa na droo sita, na kila kitako kingekuwa sentimita 57 kwa 48. Bamba moja la futi 8 kwa 4 ni sentimita 244 kwa 122. Kwa hiyo hutoa viwili kwa upana na vitano kwa urefu, yaani vitako 10, pamoja na nafasi ya msumeno. Plaiwudi ya milimita 6 tuliyoipata ilikuwa ghali karibu mara mbili ya hadibodi. Ukitazama bei ya bamba zima, utashtuka. Lakini ukigawa tofauti hiyo kwa 10, kila droo ilikuwa inadai nyongeza inayokaribia nauli ya matatu ya kwenda katikati ya jiji. Ndugu yangu aliitazama karatasi ile kimya, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nataka kuuza maikromita kwa nauli."

Kwa Baba nilikwenda na fundi mwenyewe, kwa kuwa kuna mambo ambayo mzee hawezi kuyapokea kutoka kwa binti yake. Fundi alimwamkia, akakaa, akamweka magotini kipande cha plaiwudi. Mzee alikipinda, akakigonga, akatazama ukingo kwa muda mrefu. Halafu akauliza kuhusu hadibodi. Fundi akajibu, "Mzee, hadibodi si mbaya. Ubaya ni kuipa kazi isiyo yake."

Tukakubaliana hivi. Droo mbili za juu, ambazo zingebeba mita ya umeme, kalamu na vifaa vyepesi, zilipata vipande vya hadibodi ambavyo fundi alikuwa navyo tayari, vikiwa ndani ya mfereji. Tatu za katikati, makao ya spana na soketi, zilipata plaiwudi ya milimita 6. Ile ya chini kabisa, ya nyundo, beringi na vyuma vya kung'olea, ilipewa plaiwudi ya milimita 12 na ubao wa katikati kuisaidia. Mabaki ya bamba fundi aliyachukua na kuyakata kwenye ujira wake. Pesa zilizosalia hazikutosha maikromita mpya, lakini zilifika nusu, na nusu nyingine ndugu yangu aliitafuta mwenyewe.

Mzee hakutoa sanduku siku hiyo. Alitoa spana za kilo 23 peke yake. Baada ya wiki kadhaa alifika kibandani bila taarifa, akachomoa droo, akaweka rula chini ya kitako kuona kama kuna upenyo. Alirudi tena mwezi uliofuata. Mara ya tatu alikuja na teksi, na ndani ya buti lilikuwemo sanduku. Hakutoa hotuba. Alikaa juu ya gurudumu la zamani akamwelekeza mwanawe kila kifaa kikae droo gani, nami nikasimama mlangoni nikijifanya natafuta simu mkobani.

Wewe ufanyeje?

Kama unanunua kabati, dawati la mtoto au kitu chochote chenye droo, ichomoe droo nzima uigeuze. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu. Bonyeza katikati ya kitako kwa dole gumba. Kikishuka kikiwa kitupu, kikijaa kitafanyaje? Tafuta mfereji. Ukiona misumari peke yake, mwombe fundi akuongezee vipande vya ubao chini, vilivyogandishwa kwa gundi na kufungwa kwa skurubu, ili vikibebe kitako.

Kama tayari unayo droo iliyolegea, usiitupe. Kata plaiwudi iingie juu ya kitako cha zamani, au weka ubao wa katikati chini yake. Ni kazi ya saa moja, na fundi wa mtaani kwako ataifanya kwa pesa kidogo.

Kwa wanaoishi Mombasa, Lamu au Kisumu, ambako hewa ina unyevu mwingi, hadibodi na MDF zipakwe vanishi pande zote mbili na hasa kingoni, au ziepukwe. Penye vifaa vya chuma, tandika kipande cha mpira au karpeti ya plastiki iliyobaki. Usitandike gazeti, hata hili. Karatasi hunyonya unyevu na kuushika ukiwa umegusana na chuma, na kutu huanzia hapo. Gazeti lisome, ulihifadhi kwingine.

Na ikiwa wewe ndiwe fundi, ujue kwamba mteja wako hatakigeuza kitako leo. Atakigeuza siku kitakapoanguka, naye atalikumbuka jina lako.